Manka, ile laki tatu ya dawa

Marangu, Moshi

Mwanangu Manka,

Hatujambo. Magoti ya mama yako yanamsumbua kwa baridi hii ya Julai, ila shambani hajaacha kushuka.

Uliniuliza kwenye simu laki tatu uliyotutumia ya dawa imeishia wapi, nikajikoholesha. Dawa nilinunua kidogo. Nyingine imekwenda kwa wakili.

Wosia wangu wa 2009 nadhani hujui kilichomo. Niliuandika kwenye karatasi za daftari: kihamba cha juu, shamba letu la ukoo, kwa mdogo wako anayekufuata, nyumba na kahawa inayoizunguka kwa kitinda mimba, kama tulivyorithishwa sisi. Wewe nilikuandikia ng'ombe mmoja. Ng'ombe mwenyewe alikufa 2013.

Nilidhani kubadilisha ni kazi ya kalamu tu. Nikakata "ng'ombe", juu yake nikaandika "kipande cha chini ya mfereji", nikatia sahihi pembeni. Wakili, kijana mmoja wa Moshi mjini, alipouona alicheka kwa adabu. Mkwaruzo bila mashahidi hauna nguvu, akasema, tena unampa mwenye nia mbaya pa kuanzia mahakamani. Kwa anayejua kusoma, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, wote wakiniona natia sahihi. Nimefundisha darasa la saba miaka 28, siku hiyo nilikaa dawati la mbele.

Akanitajia bei mbili. Nyongeza, karatasi moja ya kwenda pamoja na wosia wa zamani, 80,000. Wosia mpya unaoufuta ule, 200,000. Unanijua kwa kubana shilingi. Nikaomba nikanywe chai kwanza. Chapati ikapoa mbele yangu nikiwaza siku ya kusomwa. Nyongeza haisomwi peke yake. Wangeanza na ule wa zamani, ukoo mzima umeketi, nawe unasikia: ng'ombe mmoja. Nikarudi nikalipa laki mbili.

Na usinitetee kwamba ndiyo mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilishabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mimi nimeandika 2009, nikiwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji.

Nauli na chakula cha mashahidi havikufika hata 30,000. Aliyenigharimu ni baba yako mdogo, shahidi wa ukoo. Hakutaka fedha, alitaka sababu. Tulikaa naye migombani tangu saa tisa hadi giza, mbege ikaisha, bado anauliza: huyo mume wake si wa Singida, kesho kihambani ataingia nani? Nikamwambia, mwaka ule kahawa ilipokosa bei, ada ya kitinda mimba alilipa nani? Akanyamaza. Siku ya siku alikuja mjini na koti lake la kanisani, akatia sahihi, akapanda gari lake la kurudi bila kunisubiri. Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Hilo deni sina bei yake.

Mama yako nilimsomea jioni, akiwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Umechelewa, baba Manka."

Ule wa zamani niliuchoma jikoni. Ningeweza kukaa kimya usijue maisha yako yote, na ndicho nilicholipia. Lakini nimelipia kwa fedha yako, na nimeshindwa kulala nayo.

Wosia mpya umehifadhiwa RITA, wakala wa serikali anayetunza wosia, na wakili ana nakala. Wadogo zako nitawaambia mwenyewe Desemba mkija, msiondoke kabla ya Mwaka Mpya.

Humu kwenye bahasha kuna jani la sale. Nimelichuma kwenye mpaka wako wa juu, pale mfereji unapokata kona. Limefungwa fundo, nawe ni Mchagga, unajua limetumwa kuomba msamaha.

Baba yako