Barua kwa Mwanaidi kuhusu shada la mlangoni

Ngamiani, Tanga

Kwa shoga yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana. Kimya kimekuwa kirefu baina yetu, ila kilichonifanya nishike kalamu leo ni ujumbe aliouleta Mama Rukia, kwamba unataka nikutengenezee shada kubwa la mimea hai litundikwe mlangoni siku ya harusi ya Salma, na kwamba liwe tayari ndani ya wiki mbili. Nimefurahi mno kukumbukwa. Hata hivyo wiki mbili hazitoshi, na ni heri nikueleze sababu kuliko kukukatalia kwa mkato.

Shada hili si la maua ya kukatwa. Ndani yake mna pete ya waya mgumu iliyofungwa makumbi ya nazi, na makumbi hayo huyaosha tena na tena kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa yanayotoka kwa wasokota kamba yamefukiwa kwenye matope ya pwani. Vipandikizi nikishavikata huviacha kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke na kufunga kigaga, maana kikonyo kibichi kikikutana na unyevu huoza. Kisha hutoboa tundu kwa kijiti, nikachomeka kikonyo na kukibana kwa pini ya nywele. Hapo shada hupendeza, na hapo ndipo watu hudhani kwamba limekwisha. Ukilitundika siku hiyo hiyo, majani yaliyojaa maji huvuta kwa uzito wao, na pini pekee ndizo zinazoshika. Halina budi kulazwa kivulini mwezi mzima na zaidi, hadi mizizi iyakamate makumbi. Mteja mmoja wa hapa mjini alilichukua lake mapema ingawa nilimsihi asubiri, na lilipopukutika akatangaza kwamba mimea ya namna hii haina maisha. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mimea haikuwa na kosa.

Jambo jingine ni picha uliyomwonyesha Mama Rukia. Ile ni echeveria, yenye majani yaliyopangika mithili ya waridi. Nyingi kati yake asili yake ni milima ya Meksiko, ambako usiku huwa na ubaridi, na joto la usiku la kwetu pamoja na unyevu wa masika huziozesha. Mkonge nao ni wa Meksiko, na Richard Hindorf alipouingiza pande zetu hizi mwaka 1893, kwa miche iliyotoka Florida, ulistawi vizuri. Lakini huo ni mmea uliozoea joto tangu kwao. Kwa mlango wako ningetumia mkonge mwitu ule mfupi na shubiri ndogondogo. Mnyaa siutii kamwe penye watoto, kwani utomvu wake ukiingia machoni ni balaa.

Basi nimewaza hivi: siku ya harusi tuweke mapambo yanayolala. Nitafutie kwa mafundi wa madau hapo pwani vipande vya mataruma, yaani zile mbavu za chombo, vilivyotupwa, vile vilivyopinda na kuliwa vishimo na maji. Nitavijaza makumbi na mimea, vikae barazani pande zote mbili za mlango, na kwa kuwa vitalala, hakuna kitakachodondoka hata kama mizizi bado ni michanga. Epuka ubao uliopakwa sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia vyombo, kwa kuwa harufu yake haitoki. Shada lenyewe nitalianza leo, alikute Salma akishatulia kwake, na akilitunza litadumu miaka.

Sasa nijibu upesi. Mlango wenu unapigwa na jua la asubuhi au la alasiri? Kisima chenu bado kina maji ya chumvi, au mmeshavuta ya bomba? Mbuzi wa jirani wangali wanaingia uani? Nauliza kwa sababu baadhi ya mimea hii ni sumu kwa mifugo. Na mataruma, utampa Mama Rukia aje nayo akirudi, au nimwombe kaka ayapitie akienda Dar es Salaam?

Nisalimie wote nyumbani, na umwambie bibi harusi namwombea kheri.

Wako akupendaye,
Zaina