Viti vya fidia: tujifunze kwa Lesotho

Ndugu Mhariri,

Wanaojadili mfumo wetu wa uchaguzi hapa Tanzania wangeitazama kwanza Lesotho. Mwaka 1998, chini ya utaratibu kama wetu, ambao mgombea mwenye kura nyingi zaidi huchukua jimbo, chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura lakini kikazoa majimbo 79 kati ya 80, huku BNP, iliyoungwa mkono na karibu robo ya wapiga kura, ikiambulia kiti kimoja. Ghasia zilizofuata ziliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru.

Mwaka 2002 viliongezwa viti 40 vya fidia, vinavyopewa vyama ambavyo majimbo viliyoshinda ni machache kuliko vinavyostahili kwa kura zao. BNP ikapata 21.

Viti maalumu vyetu vya wanawake, ambavyo wengi hudhani vinafanya kazi hiyo hiyo, havifidii chochote: hugawiwa kwa uwiano wa kura miongoni mwa vyama vilivyofikisha asilimia 5, lakini bila kujali majimbo ambayo chama kimekwisha kuyapata, kwa hiyo aliyezoa majimbo huongezewa tena fungu kubwa kuliko wote. Siombi viti hivyo vipunguzwe hata kimoja, kwa maana wanawake bado ni wachache mno miongoni mwa wabunge wa majimbo. Naomba sheria iagize kwamba majimbo yahesabiwe kwanza kabla ya kuvigawa.

Msomaji wako,
Morogoro