Cheti cha kiwandani hakijaliona tangi lako

Wiki iliyopita Hajji mmoja mwenye ghala Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, alinipigia simu akiwa amefura. "Fundi, pampu ya kuzimia moto nimenunua mpya, imekuja na karatasi yake ya majaribio. Sasa mnanitoza kuipima tena ya nini? Si wizi huo?" Malalamiko haya tunayapata karibu kila mwezi, basi nijibu hapa mara moja.

Karatasi yake ni halali, na sisi wenyewe hatupimi bila kuwa nayo mkononi. Kiwandani pampu hufungwa kwenye benchi, maji tele, bomba la kuvutia maji kutoka tangini fupi na lililonyooka, geji zimehakikiwa. Chukua pampu ya galoni 750 kwa dakika kwa presha ya bar 7. Kanuni ya NFPA 20, ya shirika la Marekani la kinga ya moto, inataka vali ya kutolea maji ikifungwa presha isizidi asilimia 140, yaani bar 9.8, na ikisukuma mara moja na nusu, yaani galoni 1,125, isishuke chini ya asilimia 65, kama bar 4.5. Benchi la kiwandani linathibitisha hayo. Ila bomba la kuvutia ulilonalo Namanve halikuwa kwenye benchi.

Injini inayoizungusha pampu nayo haikuwa Namanve. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 11 ya nguvu zake kwa hesabu ya NFPA. Ikishindwa kushika mizunguko, ikapungua asilimia 5 tu, presha inapungua karibu asilimia 10. Ndiyo maana tunakuja na kipima mizunguko.

Sasa njia ya mkato. Askari wa getini anawasha pampu dakika mbili, vali imefungwa, sindano ya geji inaruka, anapiga picha, bosi anatumiwa WhatsApp: "Pampu iko sawa." Hapo maji karibu hayatembei, kwa hiyo uwezo wa kusukuma maji haujapimwa. Injini ya dizeli yenyewe inahitaji dakika 30 kila wiki ili ipate moto vizuri. (Na dizeli yenyewe, Hajji, hebu chungulia tangi. Tumewahi kukuta vumbi.)

Kuna ghala jingine, barabara ya Jinja, ambako picha hizo zilitumwa mwaka mzima. Tukaunganisha mipira ya maji uani, tukafungua maji. Vali ikiwa imefungwa, bar 8.3, safi kabisa. Tulipofika galoni 750 sindano ikaanza kutetemeka, ikaanguka mpaka 4, na pampu ikanguruma kama inasaga kokoto. Tukazima, tukafungua bomba la kuvutia. Kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki wa sokoni, imelala bapa mdomoni mwa bomba. Tangi halikuwa na mfuniko. Maji yakisimama kaveera inaelea pembeni. Yakianza kukimbia inavutwa na kuziba. Picha ya WhatsApp isingeionyesha hata miaka kumi.

Geji nazo zina ujanja wake. Iliyofungwa kwenye pampu hupigwa na mtetemo mwaka mzima, ikaanza kusema uongo. Mteja mmoja alitaka kubadilisha pampu nzima, kumbe geji ilikuwa inasoma bar 1.5 pungufu. Zetu za majaribio tunazipeleka kuhakikiwa kila mwaka, na gharama hiyo imo kwenye bei mnayoilalamikia. Pia imo siku nzima ya watu wanne, kwa sababu mmoja lazima ashike pito, kijibomba cha kupima kasi ya maji, katikati ya mkondo wa nozeli, umbali wa nusu ya kipenyo chake, asitikisike, huku analowa. Huyo simpunguzii ujira.

Wengine wanasema turudishe maji kupitia mita moja kwa moja kwenye bomba la kuvutia, yasimwagike. Ukifanya hivyo kaveera utaiacha pale pale, kwa kuwa tangi na bomba lake hujavijaribu. Kama upo uwezekano wa kuyarudisha tangini, tunayarudisha, maji hayapotei.

Hajji, Jumatano tunakuja. Jaza tangi usiku, waambie madereva waondoe magari uani, na yule mwenye magunia ya mahindi upande wa chini ayapandishe juu ya mbao. Mwaka juzi jirani mmoja hatukumwambia, na magunia saba tuliyalipa sisi.