Wauza mitumba, msizioshe harmonika za zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza mitumba wa Memorial, hapa Moshi. Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 8,000 harmonika, yaani kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, chapa ya Hohner, aina ya Marine Band, ile ya matundu 10. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameiloweka kwenye maji ya sabuni ili ing'ae. Kitana chake, yaani ule ubao wa katikati wa mti wa mpeasi, kikavimba na kupasuka kwenye tundu la nne. Niliumia sana.

Ndugu zangu, mle ndani mna vilimi 20 vya shaba, vyembamba kuliko ukucha, ambavyo hutetema na kutoa sauti. Sauti iliyopotoka inarekebishika: ukikwangua kilimi nchani, taratibu, inapanda, ukikwangua karibu na shina, inashuka. Nimekuwa fundi saa, kazi hiyo naiweza. Lakini mbao iliyopasuka sina dawa yake.

Basi zileteni na vumbi lake, hata kama mabati yameshika kutu. Vimisumari vinavyoshika mabamba ya vilimi kwenye kitana pia msiving'oe. Bamba likipinda, hewa inavuja. Nitazinunua kwa bei ileile. Hiyo iliyopasuka naichongea kitana kipya cha mninga.

Fundi saa mstaafu,
Majengo, Moshi