Shoga, nisomee hii kabla ya Ijumaa

Shoga yangu,

Habari za siku nyingi, mimi mzima, we mzima? Haya salamu zimetosha, najua umeninunia na una haki, meseji zako tatu nimezisoma nikazikalia kimya mpaka nikaona aibu kujibu. Utanigombeza baadaye. Sasa hivi nina shida na shida yenyewe ina tarehe: Ijumaa saa sita mchana napeleka pendekezo la mada ya ile insha ndefu ya utafiti, maneno elfu tatu, na mpaka jana usiku nilikuwa na mada nne na sina hata moja.

Ya kwanza niliipeleka wiki mbili zilizopita nikijiamini kabisa. "Athari za Magonjwa ya Mlipuko kwa Jamii Duniani." Niliona imekaa kisomi, nikaichapa kwa herufi nene. Msimamizi hakufika hata aya ya pili, akatoa kalamu nyekundu akazungushia "magonjwa", akazungushia "jamii", akazungushia "duniani", akanirudishia karatasi ina mayai matatu mekundu na pembeni kaandika: upi, lini, wapi? Halafu akasema kwa upole (ndo maana iliniuma) kwamba nikiandika hiyo ataisoma akishastaafu. Nilicheka pale mlangoni, chumbani nikalia.

Basi nikapunguza, nikasema ndui. Bado. Nikasema kutokomezwa kwa ndui, maana ile kampeni kali ya Shirika la Afya Duniani ilianza 1967 na ugonjwa ukatangazwa umekwisha Mei 1980, nikaona miaka kumi na tatu tu, afadhali. Kipara akanijibu kwenye grupu eti hiyo siyo mada, hiyo ni rafu nzima ya maktaba. Unamjua alivyo, yeye mada yake alipata siku ya kwanza na tangu hapo anatembea kama kaoa. Nilimtukana kimoyomoyo ila alikuwa sawa.

Sasa sikia nilivyoipata. Kuna ripoti kubwa ya shirika hilohilo ya 1988, kurasa zaidi ya 1,400, faili lake ukilifungua laptopu inapumua kama imepanda mlima. Sikuanza mwanzo. Niliruka mpaka mwisho wa ugonjwa, kama tunavyofanya na riwaya, nikakutana na mpishi.

Mpishi, shoga! Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali mji wa Merca, Somalia. Oktoba 1977 gari limebeba watoto wawili wenye ndui linatafuta njia ya kwenda kambi ya kuwatenga wagonjwa, dereva hajui njia, Maalin akapanda kuwaelekeza. Dakika chache tu mle garini. Baada ya siku kama kumi homa, wakamwambia malaria, vipele vikatoka wakasema tetekuwanga, kumbe ndui. Akapona. Na huyo ndo mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya asili. Nikakaa natazama skrini hata sikumbuki chai ilipoa saa ngapi.

Kilichonishika ni hiki: mtu anafanya kazi hospitali, katikati ya kampeni kubwa ya chanjo, na hana chanjo iliyomshika. Kwa nini? Nikaandika swali langu usiku huohuo, "Kwa nini Maalin hakuwa na kinga?", nikalala nimetabasamu. Asubuhi Dada K akaniharibia siku. Akaniuliza, jibu unalo? Nikamwambia ndiyo, mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba aliogopa sindano, aliona inauma. Akasema basi umemaliza insha, maneno elfu mbili mia tisa tisini utajazia nini?

Hapo ndipo nimekwama na ndipo nakuhitaji. Maana nimeanza kuelewa kwamba nilikuwa nachanganya mambo mawili, kitu kinachonisisimua na kitu kinachochunguzika. Hadithi ya mpishi inasisimua, lakini swali lake lina jibu la sentensi moja na jibu lenyewe nimelisoma kwa mwingine. Nataka swali ambalo nikikaa na vyanzo viwili vinavyogombana nilazimike kuamua mimi. Unanielewa? Au naongea kama msimamizi sasa.

Nimejaribu kuligeuza. Zile timu hazikuwa zinachanja kila mtu tu, mkakati ulikuwa kusaka mgonjwa mmoja mmoja, kumtenga, halafu kuchanja watu wote waliomzunguka, kama kuwasha moto wa kuzuia moto. Kule Somalia shida kubwa ilikuwa wafugaji wanaohamahama, macho yote yako huko porini, kumbe tundu liko jikoni mwa hospitali. Lakini hapohapo, alipogundulika Maalin mkakati uleule ndio uliozima, walifuatilia waliokutana naye wote na wakachanja makumi ya maelfu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Yaani kesi moja inaonyesha mkakati ulivyovuja na ulivyofanya kazi, kwa mtu yuleyule. Kwa hiyo swali jipya ni: "Kesi ya Merca ya 1977 inatuonyesha nini kuhusu nguvu na udhaifu wa mkakati wa kusaka na kuzingira ndui?" Ni refu, najua. Neno "inatuonyesha nini" linanikera, limelegea, linakubali jibu lolote. Nimelifuta na kulirudisha mara sita.

Halafu kuna hili la "wa mwisho", karibu niaibike. Kwenye rasimu niliandika mgonjwa wa mwisho wa ndui duniani. Kumbe 1978 kuna mama alikuwa mpiga picha chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, Janet Parker, alipata ndui iliyohusishwa na maabara iliyokuwa kwenye jengo alilofanyia kazi, akafariki. Na ile ndui kali zaidi ya aina mbili, mgonjwa wake wa mwisho wa asili ni mtoto wa Bangladesh, Rahima Banu, 1975. Wa mwisho watatu! Nilivyogundua nikaogopa kidogo halafu nikafurahi, maana nikiwa na uhakika na neno moja dogo namna hiyo msimamizi hana pa kuzungushia yai. Nikawaza hata kubadili mada niandike kuhusu hilo neno tu, "mwisho" maana yake nini na nani anaamua. Usicheke. Hapana, cheka, ila niambie.

Maalin mwenyewe baadaye aliingia kampeni ya polio, akawa anawasimulia wazazi yaliyompata ili wachanje watoto, mpaka alipofariki 2013, kwa malaria. Hii sijui niiweke wapi. Dada K anasema haihusiani na swali, itoe. Mimi moyo unakataa kuitoa, nimeibandika chini kabisa ya ukurasa nimeiachia nafasi, kama mgeni ambaye hujui umkalishe wapi.

Pendekezo lenyewe ni ukurasa mmoja: mada, swali, kwa nini lina maana, vyanzo nitakavyotumia, ratiba. Ratiba nimedanganya, nimeandika rasimu ya kwanza wiki ya tatu, wewe unanijua. Vyanzo sina wasiwasi navyo sana. Swali ndilo.

Basi niambie ukweli, usinionee huruma. Hilo swali linakupa hamu ya kusoma au umesinzia njiani? Nibaki na mkakati au niende na neno "mwisho"? Nikianza na dereva kuuliza njia, itaonekana kisomi au wataona naandika hadithi? Na wewe ya kwako uliichaguaje, ulikuwa na uhakika au ulichoka tu ukapeleka? Mbona hukuwahi kuniambia uliandika nini? Na yule mtu bado anakusumbua au mmeshaelewana? Nijibu Alhamisi usiku basi, hata neno moja. Nimekuwekea ukurasa hapa chini, vile vilivyopigiwa mstari ndo sina uhakika navyo, yaani karibu vyote.

Wako mkaidi wa siku zote