Siku 14 zako zinahesabiwa, Zuhura

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. U mzima? Watoto hawajambo, na mafua ya Nasra yameisha? Sisi huku sote wazima. Mzigo wa Bi Mwanaidi umefika salama, mwambie nimeshukuru. Mengine tutazungumza kwenye simu. Leo nakuandikia kwa jambo moja nalo halingoji.

Nimesoma kurasa zote ulizonitumia za hiyo kampuni mpya ya umeme na gesi, hapa Uingereza. Bei ni nzuri, sikatai. Ila umeniuliza mbona wanakuletea miadi ya fundi wakati hukuomba fundi, na jibu liko ukurasa wa nne, mstari uliobanwa katikati ya habari za dairekti debiti (malipo yanayokatwa yenyewe benki) na bili za barua pepe. Kwa kukubali mpango huu umekubali kufungiwa mita janja, ile inayotuma namba zake yenyewe kwa kampuni, ndani ya siku 90, na ikishindikana wana haki ya kukuhamishia mpango mwingine. Kule kwetu tangazo lolote humalizikia na "vigezo na masharti kuzingatiwa", na hakuna anayeuliza ni vigezo gani. Hapa ndipo vilipo.

Umekubali Jumatano. Una siku 14 za kubadili mawazo bila kutozwa ada ya kujitoa, na zinaanza kuhesabiwa kesho yake. Siku hizi kuhama kampuni huchukua siku 5 za kazi, kwa hiyo huenda ukawa umeshahamia kwao kabla hizo 14 hazijaisha. Usitishike. Bado unaweza kujitoa, ukalipia tu kile ulichotumia kwao. Basi barua hii usiiweke pembeni uje kuisoma mwisho wa mwezi.

Hamadi kakwambia mita janja ni lazima kwa kila mtu. Si kweli. Serikali imeziwekea kampuni wajibu wa kufunga mita hizi, na Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, ndiye anayezifuatilia. Mzigo ni wa kampuni, wewe hulazimishwi. Ndiyo maana sharti linafichwa ndani ya mipango ya bei rahisi: bei ndiyo chambo. Kampuni inaruhusiwa kuuza mpango kwa wenye mita janja peke yao, nawe unaruhusiwa kuukataa ukabaki na mita yako. Utakachokosa ni uchaguzi, kwa sababu mipango mingi yenye nafuu sasa ina sharti hili. Hutakosa umeme, na mpango wa kawaida una kikomo cha bei kinachopangwa upya kila miezi 3, uwe na mita ya aina gani. Kitu kimoja ndicho kweli: mita ya zamani ikiharibika au muda wake wa matumizi ukiisha, watalazimika kuitoa, na badala yake kwa kawaida wataleta janja. Hapo unaweza kuomba isitume taarifa, lakini usitegemee sana.

Sharti lenyewe huja kwa sura tofauti, na kila sura ina madhara yake. Wengine wanataka uwe tayari na mita janja, tena inayotuma taarifa vizuri. Wengine, kama hawa wako, wanataka uahidi kufungiwa baadaye. Wengine wanaongeza kwamba ukubali isomwe kila nusu saa. Halafu kuna la nne ambalo ndilo linalonikosesha raha: mita ikiacha kuwasiliana, hata baada ya kufungwa, wanaweza kukuondoa kwenye bei ile. Hili la nne hulipati chini ya kichwa kinachotaja mita. Fungua yale masharti kwenye kompyuta, tafuta neno "smart" (janja), kisha "eligibility" (sifa za kukubaliwa), kisha "move you" (kukuhamisha). Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kinachotokea mambo yakienda kombo. Kwenye karatasi zako limetokea mara mbili, ukurasa wa nne na tena ukurasa wa tisa.

Sasa njoo kwenye jengo lako, maana hofu yangu yote iko hapo. Umeniambia uko ghorofa ya tatu, mita ya gesi iko kabatini jikoni, na ya umeme iko chini kwenye chumba cha chini ya ardhi pamoja na za wapangaji wengine. Mita janja ya gesi haina njia yake ya kutoka nje. Inatumia betri, inaamka kila nusu saa, inampa taarifa jirani yake aliye juu ya mita ya umeme, yaani kile kisanduku cha mawasiliano, na kisanduku ndicho kinachozituma kampuni. Kati ya jiko lako na chumba kile kuna sakafu za zege nne. Mawimbi ya kawaida ya vifaa hivi ni ya gigahezi 2.4, na zege huyameza. Kuna visanduku vya aina nyingine vinavyotumia pia megahezi 868 ambayo hupenya ukuta vizuri zaidi, na kwa majengo marefu kuna vifaa vya kurefusha mawimbi, lakini kampuni ndiyo inayopaswa kuvipanga. Fundi akifika bila kujua hali ya jengo, atatazama, atatikisa kichwa, ataondoka. Na siku 90 zinaendelea kuhesabiwa.

Hapo hapo kuna na upande wa nje. Huko kaskazini, Leeds unakokaa ikiwemo, visanduku hivi hutumia redio ya masafa marefu, si mtandao wa simu kama huku kusini na katikati. Kwa hiyo usipime kwa kushuka chini na simu yako kuona kama ina mtandao, haitakwambia lolote.

Unaona ninaporudi? Mita isipofungika si kosa lako, lakini mstari ule haukuuliza kosa ni la nani. Umesema tu ikishindikana. Fanya hesabu. Tuchukue nyumba inayotumia uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka. Ukipata nafuu ya peni 2 kwa uniti ya umeme na nusu peni kwa ya gesi, hiyo ni paundi 54 na paundi 57.50, jumla paundi 111.50. Lakini nafuu hiyo ni ya mwaka mzima. Wakikuhamisha baada ya miezi 3, tena kama ni miezi ya kiangazi ambayo boila imelala, umeambulia kidogo sana. Na wao wameweka ada ya kujitoa ya paundi 50 kwa umeme na paundi 50 kwa gesi. Je, wakikuhamisha wao halafu wewe ukataka kuondoka, ada hiyo utaidaiwa? Karatasi zako hazisemi. Hilo ndilo swali la kwanza la kuwauliza.

Waulize kwa maandishi. Simu piga ukitaka, lakini jibu lije kwa barua pepe. Waambie mita ziko wapi, ghorofa ngapi kati yake, kisha uwaulize: mkishindwa kufunga kwa sababu ya jengo, nabaki na bei hii mpaka mwisho wa mkataba au siyo? Mkinihamisha, mtanipa taarifa siku ngapi kabla, na ada ya kujitoa mtaiondoa? Mita ikifungwa kisha ikaacha kutuma taarifa, nikiwapelekea namba mwenyewe kila mwezi mtaridhika? Wakijibu vizuri, hifadhi barua hiyo, ni silaha yako. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, jitoe kabla ya siku ya 14. Ukitaka nikuandikie kwa Kiingereza niambie tu, nitakutumia leo leo.

Kuhusu kusomwa kila nusu saa, najua limekukera. Nusu saa maana yake namba 48 kwa siku. Mwenye kuziangalia anajua umeamka saa ngapi na umetoka saa ngapi, na usiku wa Ramadhani saa tisa mchoro unapanda kwa sababu uko jikoni na daku. Kwa mpango wako wa bei moja mchana na usiku, huna haja ya kukubali. Waambie isomwe mara moja kwa siku. Nusu saa inahitajika kwa mipango ambayo bei inabadilika kwa saa, kama ule wa Agile wa kampuni ya Octopus ambao bei yake hubadilika kila nusu saa. Na mipango ya namna hiyo wewe mwenyewe uifikirie mara mbili, kwani saa za bei kali kwa kawaida ni saa kumi hadi saa moja jioni. Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, magharibi inaingia katikati ya saa hizo hizo. Huwezi kuahirisha futari eti umeme ushuke bei.

Jambo lingine ambalo hukuuliza ila lazima nikuambie. Mita janja inaweza kugeuzwa kutoka mbali ikawa ya kulipia kabla, kama LUKU, bila mtu kugonga mlango. Tangu 2023 Ofgem amekaza kanuni: hawaruhusiwi kugeuza mita kwa nguvu kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 2, wala ya mzee wa zaidi ya miaka 75 asiye na msaidizi nyumbani. Nasra anakulinda kwa sasa. Lakini kampuni haitajua yupo mpaka uiambie, kwa hiyo omba wakuandikishe kwenye orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi. Na kwa kuwa anayegeuziwa ni mwenye deni, lile lako la nyumba ya zamani usiliache likalala, panga nao malipo madogo madogo.

Ukiamua kuendelea, basi kabla fundi hajaja mpigie mwenye nyumba. Bili ni yako na unailipa mwenyewe, kwa hiyo haki ya kuchagua kampuni ni yako, lakini mikataba mingi ya kupanga inataka mwenye nyumba ajulishwe kabla mita haijabadilishwa. Zaidi ya hapo, ufunguo wa chumba cha chini anao nani? Fundi akikuta kumefungwa, safari imepotea. Ikiwa wao ndio waliokosa miadi bila kukuarifu mapema, wanatakiwa kukulipa paundi 40, ziombe.

Siku yenyewe awepo mtu mzima wa miaka 18 na zaidi. Piga picha namba za mita zote mbili kabla hazijaguswa, pamoja na namba ya mita iliyoandikwa usoni mwake. Umeme utakatwa kama nusu saa, na gesi nayo itafungwa, kwa hiyo fundi ataingia jikoni kuwasha boila na kukagua jiko. Akimaliza shuka naye chini. Kwenye kile kisanduku kuna vitaa vidogo vya kijani, tafuta vilivyoandikwa WAN (mawasiliano ya nje), HAN (ya ndani ya nyumba) na GAS (gesi). Vikimetameta polepole, mara moja kila sekunde chache, mawasiliano yapo. Cha WAN kikimetameta haraka haraka bado kinatafuta mtandao. Cha GAS kikiwa kimezimika kabisa, mita ya jikoni haijaungana, na hapo usimwachie fundi aondoke na maneno ya "itajiunga yenyewe". Mwombe aandike kwenye fomu.

Na kabla ya yote hayo, fanya jaribio moja hata leo jioni. Zima swichi kubwa ya umeme ya nyumba yako, mtume mwanao mkubwa chini akatazame mita inayodaiwa kuwa yako. Kile kisahani kinachozunguka ndani ya mita kisimame. Kikiendelea kuzunguka, mita hiyo inalisha nyumba ya mtu mwingine, na kwenye vyumba vya mita nyingi kosa hilo lipo sana. Kisha linganisha na bili: namba ya umeme yenye tarakimu 13, kwa Leeds kwa kawaida inaanza na 23. Mita janja ikifungwa mahali pasipo pake, utalipia uniti za jirani kwa usahihi wa kila nusu saa.

Ukishawalalamikia na wiki 8 zikapita bila suluhu, kuna Ombudsman wa nishati, yaani msuluhishi huru, huduma yake ni bure.

Nikikumbuka, mwambie mama Rukia asisubiri zaidi. Hita zake za usiku zinawashwa na kile kiboksi cha redio kinachosikiliza mawimbi marefu ya kilohezi 198, na huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu kuanzia 30 Juni 2025. Kwake yeye mita janja ndiyo dawa, akichelewa hita zinaweza kugoma kuwaka au kuwaka mchana kwa bei ya juu. Yeye nimtetee, wewe nikuzuie, ni kwa sababu nyumba hazifanani.

Sasa nijibu: kisahani kilisimama? Ufunguo wa chini anao nani, yule wakala au mlinzi? Kwenye barua pepe yao ya kwanza wameandika tarehe gani ya mkataba, Jumatano ile ile au siku nyingine? Jirani wa ghorofa ya nne ana mita janja, na kama anayo, kiskrini chake cha matumizi kinaonyesha na gesi, au umeme peke yake? Mkataba wa nyumba umeshaupitia au bado uko kwenye ile bahasha? Na jamani, Hamadi naye kajiunga na mpango huo huo?

Nipigie ukishawaandikia.

Wako,
Salma