Bima zisiwanyime wagonjwa wa damu dawa kwa sababu ya neno "saratani"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dawa ya rituximab, ambayo mgonjwa wa damu asiye na saratani anaweza kunyimwa na bima kwa hoja moja tu, kwamba iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya tezi za limfu.

Mdogo wangu ana maradhi ambayo kinga ya mwili wake hutengeneza kingamwili (protini za kupambana na vimelea) zinazonata kwenye chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, kisha bandama ikaziharibu. Mtu mwenye afya huwa na chembe hizo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita; yeye alifikishwa hospitali akiwa na 8,000, fizi zikivuja damu na miguu imejaa vidoa vyekundu ambavyo sisi nyumbani tulidhani ni vipele vya joto. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ilizipandisha chembe hizo, lakini kila dozi ilipopunguzwa zilishuka tena, huku uso ukimvimba. Daktari akashauri rituximab, kingamwili ya maabara inayoangamiza chembe nyeupe za aina B, ambazo ndizo chimbuko la kingamwili hizo potofu. Bima ikaikataa, ila ikakubali kulipia upasuaji wa kuondoa bandama.

Upasuaji huo, nakiri, huwafaa takriban theluthi mbili ya wagonjwa. Lakini bandama ndiyo inayochuja vimelea vya malaria na bakteria wa nimonia katika damu, na kumwondolea mtu kiungo hicho akaendelea kuishi huku kwetu Ifakara si sawa na kumwondolea mkazi wa London.

Sisemi kwamba rituximab ni muujiza. Wengi hupata nafuu mwanzoni, lakini baada ya miaka 5 wasiorudiwa na ugonjwa ni wachache. Tena inaweza kuamsha virusi vya homa ya ini aina ya B vilivyolala mwilini, hivyo kipimo chake ni lazima kabla ya dripu ya kwanza kati ya 4 zinazotolewa, moja kila wiki. Hayo yote ni ya kupimwa na daktari pamoja na mgonjwa wake, si na karani aliyeishia kwenye jina la ugonjwa katika fomu.

Naomba bima zipokee maombi maalumu yenye barua ya bingwa wa damu, orodha ya tiba zilizoshindwa na majibu ya kipimo hicho. Mdogo wangu amepangiwa upasuaji mwezi ujao. Chanjo ya nimonia ameshachomwa.

Msomaji wako,
Ifakara